Ukumbi wa Kaloleni na Uongozi wa Wanawake

Jina la Kaloleni linapatikana katika miji mingi ya Afrika Mashariki. Iko Kaloleni ya Nairobi, iko ya Moshi, na iko ile ya Kilifi, ambako wapo wazee wanaoeleza kuwa neno hilo katika lugha yao lina maana ya "nendeni mkaone". Kaloleni ya Arusha, mtaa uliokaliwa na Waafrika tangu enzi za mkoloni, inacho kitu cha kwenda kuona. Karibu na mnara wa Mwenge kuna jengo la kawaida, lisilo na fahari yo yote, ambalo Serikali ya kikoloni ililijenga kwa shughuli za ustawi wa jamii. Humo ndimo Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilimokutana kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari, 1967, ikakubali maneno yaliyotangazwa kwa wananchi tarehe 5 Februari kwa jina la Azimio la Arusha. Tangu mwaka wa 1977 jengo hilo ni makumbusho, na walimu wengi wa Arusha wamekwisha wapeleka wanafunzi wao huko.

Mambo ambayo wanafunzi hufundishwa kuhusu ukumbi huo ni makubwa: ujamaa, kujitegemea, njia kuu za uchumi, benki na viwanda. Insha hii haina nia ya kuyarudia. Ipo sehemu moja ya Azimio ambayo husomwa haraka haraka, nayo ni sehemu ya mwisho, yenye Miiko ya Uongozi. Hapo kiongozi wa TANU na wa Serikali alitakiwa awe mkulima au mfanyakazi. Asiwe na hisa katika kampuni. Asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari. Asipokee mishahara miwili. Na asiwe na nyumba ya kupangisha. Kisha likafuata jambo ambalo msomaji asiye makini hulipita: maana ya neno "kiongozi" yenyewe. Azimio lilieleza kwamba kiongozi ni mwanamume, au mwanamume pamoja na mkewe; ni mwanamke, au mwanamke pamoja na mumewe.

Tutulie kidogo juu ya maneno hayo. Mwaka wa 1967 yalikuwapo mataifa mengi, tena yenye vyuo vikuu vya karne nyingi, ambayo waandishi wake wa sheria wasingaliona haja ya kumtaja kiongozi mwanamke pamoja na "mumewe". Wazee wa TANU waliona haja hiyo kwa sababu wanawake viongozi walikuwapo, wakijulikana kwa majina yao. Na sharti la nyumba za kupangisha, ambalo liliwekwa kwa haki na kwa ajili ya wote, lilimwangukia mmoja wao kuliko sharti jingine lo lote. Huyo ndiye aliyekuwa juu ya wanawake wote katika Chama. Namna alivyopanda hata akafika huko, na namna alivyoshuka, ndiyo habari tunayotaka kuieleza.

Kwanza tuitazame dunia ya wakati ule. Mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu duniani alikuwa Sirimavo Bandaranaike wa Ceylon, nchi ambayo sasa inaitwa Sri Lanka, mwezi wa Julai, 1960. Mumewe, aliyekuwa waziri mkuu, alikuwa ameuawa mwaka uliotangulia. Wa pili alikuwa Indira Gandhi wa India, Januari, 1966, binti wa Jawaharlal Nehru. Mwaka wa 1974 Isabel Perón wa Argentina akawa mwanamke wa kwanza duniani kuwa rais, akirithi kiti cha marehemu mumewe. Hatusemi kwamba wanawake hao hawakuwa na uwezo wao wenyewe. Bibi Gandhi na Bibi Bandaranaike walitawala miaka mingi na kuwashinda wanaume wengi waliowadharau. Lakini mlango walioingilia ulikuwa mlango wa nyumba kubwa. Jina la baba au la mume lilikwisha fungua kufuli. Golda Meir wa Israeli, aliyeshika uwaziri mkuu mwaka wa 1969 baada ya miaka mingi ya kazi za chama, alikuwa tofauti, na baada yake wengine wa namna yake wakafuata.

Tanganyika haikuwa na nyumba kubwa za namna hiyo. Pwani ilikwisha pata kuwa na malkia, kama Mwana Mwema Fatuma aliyetawala Unguja katika karne ya 17, lakini kumbukumbu hizo zilikuwa mbali mno na maisha ya mwanamke wa kabwela wa miaka ya hamsini. Huku kwetu kwenye miteremko ya Mlima Meru, uongozi wa Waarusha ulikwenda kwa marika, na laigwanani, msemaji wa rika, alikuwa mwanamume. Mwanamke aliyetaka kusimama mbele ya watu na kusema habari za nchi ilimbidi apite njia nyingine.

Njia hiyo ilikuwa ngoma.

Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka wa 1926. Alisoma miaka michache tu, akaolewa angali msichana mdogo, na mjini akajulikana kwa sauti yake, kwani alikuwa mwimbishaji katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. TANU ilipoanzishwa tarehe 7 Julai, 1954, ilikuwa Chama cha wanaume. Mwaka uliofuata alikuja mgeni kutoka Chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, naye akauliza swali dogo: wanawake wenu wako wapi? Swali hilo liliwaaibisha wazee. Schneider Plantan akaenda kumtafuta Bibi Titi, ambaye yeye na mumewe walikuwa wamekwisha chukua kadi; kadi ya Bibi Titi ilikuwa namba 16. Tarehe 8 Julai, 1955, kitengo cha wanawake cha TANU kikazinduliwa katika ukumbi wa Arnautoglu, na Bibi Titi akawa mkuu wake.

Alichokifanya baada ya hapo kinastahili kufikiriwa na kila mwalimu wa historia. Hakuanza kwa kuandika barua wala kwa kufungua ofisi. Aliviendea vikundi vya ngoma, kwa kuwa wanawake wa mji walikwisha jipanga humo zamani: walikuwa na viongozi wao, michango yao, sare zao, na ujuzi wa kukusanya watu usiku mmoja bila tangazo. Aliwaendea wauza pombe na wapishi wa maandazi, watu waliokuwa na fedha kidogo za kwao wenyewe na wasiohitaji ruhusa ya bwana ili kununua kadi. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Oscar Kambona, Katibu Mkuu wa TANU, aliandika kwamba wanawake 5,000 walikuwa wamekwisha kuingia Chama. Hata kama tutapunguza kidogo kwa ajili ya furaha ya mwandishi wa barua, idadi hiyo ilipatikana katika muda wa miezi mitatu.

Wako waandishi wanaoeleza jambo hili kana kwamba Mwalimu Nyerere na wenzake waliwaamsha wanawake waliokuwa wamelala. Kwa maoni yetu ukweli uko kinyume. Wanawake wa Dar es Salaam walikuwa na utaratibu uliokwisha vuka mipaka ya makabila kabla TANU haijazaliwa, na Kiswahili cha nyimbo zao kilikuwa tayari lugha ya watu wote wa mji. Chama kilikuta uzi umekwisha sokotwa. Bibi Titi alizunguka nchi akihutubia mikutano, mara nyingi akiwa pamoja na Mwalimu, na katika vijiji vingi wananchi waliwafahamu watu hao wawili kabla ya kumfahamu kiongozi mwingine ye yote wa TANU.

Jimbo la Kaskazini, ambalo Arusha ilikuwa makao yake makuu, lilitoa wanawake wa namna nyingine. Katika uchaguzi wa kura tatu wa mwaka wa 1958, kila mpiga kura alilazimishwa na sheria ya kikoloni kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. TANU ilimuunga mkono Bibi Sophia Mustafa, mkazi wa Arusha na mke wa mwanasheria, naye akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria akiwa mjumbe Mwasia wa Jimbo hili. Ni jambo la kutafakari kwamba wananchi waliochagua walikuwa Waafrika, Waasia na Wazungu kwa pamoja, na kwamba sheria iliyotungwa ili kuwagawa kwa rangi ndiyo iliyompitisha mwanamke. Habari za siku hizo alizieleza mwenyewe katika kitabu chake The Tanganyika Way cha mwaka wa 1961. Na kutoka Njoro, Moshi, alikuja Lucy Lameck, aliyezaliwa mwaka wa 1934, akafunzwa uuguzi, kisha akaenda kusoma Ruskin College, Oxford. Baada ya Uhuru alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuwa mawaziri wadogo. Wote wawili walikuwa na elimu ya darasani, jambo ambalo Bibi Titi hakuwa nalo. Tofauti hiyo haikuonekana kuwa kubwa wakati wa mikutano ya hadhara, ila baada ya Uhuru ilianza kuuma.

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba, 1961, kazi ya uongozi ilibadilika. Jana iliyohitaji sauti, leo ikahitaji faili. Bibi Titi aliingia Bungeni, akawa waziri mdogo, na ulipoundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika mwaka wa 1962 akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Katika uchaguzi wa mwaka wa 1965 alishindwa kule Rufiji, akapoteza kiti cha Bunge. Alibaki katika uongozi wa Chama. Hapo ndipo tunapofika Kaloleni, Januari, 1967.

Ili kufahamu jinsi sharti la nyumba lilivyouma, inafaa mwanafunzi aijue nyumba ya Kiswahili. Ina ukumbi katikati kutoka mlango wa mbele hadi uani, na vyumba pande mbili, vitatu huku na vitatu huko. Mwenye nyumba hukaa katika chumba kimoja au viwili na kupangisha vinavyobaki, chumba kwa chumba, kwa watu ambao hutumia uwa mmoja, choo kimoja na jiko moja. Nyumba za namna hiyo zilijaa Kariakoo na Ilala, na zimekuwapo Kaloleni pia. Si jumba la bepari. Na katika miji ya pwani na ile iliyofuata desturi za pwani, wengi wa wenye nyumba hizo walikuwa wanawake: wajane, waliopewa talaka, na wale waliojenga polepole kwa faida ya maandazi na pombe. Mwanamke wa mjini hakuwa na shamba la ukoo. Hakuwa na mshahara, kwa kuwa hakupelekwa shule. Hakuwa na pensheni. Akipewa talaka aliondoka na sanduku lake. Chumba cha kupangisha ndicho kilichokuwa shamba lake, pensheni yake na kinga yake dhidi ya mume mbaya.

Wakati huo huo, waliotunga Miiko hawakuwa na kosa katika yale waliyoyaona. Miaka mitano baada ya Uhuru, walikuwapo mawaziri na wakurugenzi waliochukua mikopo ya benki, wakajenga nyumba na kuwapangisha wageni kwa kodi kubwa, huku mkulima wa pamba akikatwa kodi yake bila ya huruma. Hiyo ilikuwa mirija, na wananchi walikuwa na haki ya kudai ikatwe. Mwalimu hakujisamehe, hata mradi wa kuku wa mkewe, Mama Maria, uliachwa, kwa kuwa Azimio lilimhesabu kiongozi pamoja na mke wake. Viongozi wengine walipewa njia ya kuzikabidhi mali zao kwa wadhamini kwa ajili ya watoto. Bibi Titi alikuwa amejenga nyumba na kuzipangisha. Alikataa kuziacha, akajiuzulu uongozi wa TANU.

Hukumu yetu ni hii. Sharti lilikuwa moja kwa wote, lakini watu waliolipokea hawakuwa sawa. Kiongozi mwanamume aliyeacha nyumba zake alibaki na mshahara wake, elimu yake na mara nyingi shamba la baba yake kijijini. Mwanamke aliyepanda kwa njia ya ngoma, naye amekwisha poteza kiti cha Bunge, aliambiwa aache kitu pekee kilichomfanya asimtegemee mtu. Wapo watakaosema kwamba kiongozi hujitolea, na kwamba waliojitolea walikuwapo. Ni kweli. Hata hivyo Chama kilichokuwa na hekima ya kumtaja mwanamke katika maana ya kiongozi kingeweza kuuliza pia mwanamke huyo anaishi kwa nini.

Yaliyofuata yalikuwa mazito. Mwezi wa Oktoba, 1969, Bibi Titi alikamatwa pamoja na Michael Kamaliza, aliyepata kuwa waziri wa kazi, na maofisa wa jeshi, wakashtakiwa kwa njama za kuipindua Serikali. Ilikuwa kesi ya kwanza ya uhaini katika Tanzania, na ilichukua siku 127. Akahukumiwa kifungo cha maisha; mwaka wa 1972 Mwalimu akamwachilia. Baada ya hapo vitabu vya shule vilieleza historia ya TANU kwa miaka mingi kana kwamba wanawake walikuwa wapigaji vigelegele tu. Hilo lilikuwa kosa la wanahistoria, nalo halina msingi katika Azimio.

Ngazi ya ngoma haikujengwa tena. Mwaka wa 1975 Mwalimu aliwateua Tabitha Siwale na Julie Manning kuwa mawaziri kamili, wa kwanza wanawake katika nchi. Bibi Manning alikuwa mwanasheria, akapewa Wizara ya Sheria. Hii ilikuwa ngazi ya shule na ofisi. Arusha iliendelea kuwa mahali pa kuzungumzia jambo hili: mwezi wa Oktoba, 1984, wajumbe wa nchi za Afrika walikutana hapa kujitayarisha kwa mkutano wa dunia wa wanawake wa Nairobi wa mwaka wa 1985, na mapendekezo yao yakaitwa kwa jina la mji huu. Kuanzia wakati huo viti maalumu vya wanawake Bungeni vikaongezeka, hata Katiba ikataka visipungue asilimia 30 ya wabunge.

Lakini Arusha ilishuhudia pia kwamba kufika juu si kukaa juu. Mwezi wa Julai, 1993, majirani zetu wawili, Rwanda na Burundi, walipata mawaziri wakuu wanawake, Agathe Uwilingiyimana na Sylvie Kinigi. Tarehe 4 Agosti mwaka huo mkataba wa amani wa Rwanda ulitiwa sahihi Arusha, na ndani yake jina lililoandikwa kwa uwaziri mkuu wa serikali ya mpito lilikuwa la mwanamume, Faustin Twagiramungu. Serikali hiyo ilicheleweshwa, Bibi Agathe akaendelea na kazi, na tarehe 7 Aprili, 1994, askari wa nchi yake mwenyewe wakamwua. Mahakama ya Kimataifa ya mauaji hayo ilifanya kazi hapa hapa Arusha, na mwezi wa Desemba, 2008, ilimtia hatiani Kanali Théoneste Bagosora kwa makosa mengi, kuuawa kwa waziri mkuu huyo kukiwamo.

Kuhusu nyumba za kupangisha, mwezi wa Februari, 1991, Chama Cha Mapinduzi kiliyalegeza masharti ya Kaloleni kwa Azimio la Zanzibar. Kiongozi akaruhusiwa kuwa na hisa, kupokea zaidi ya mshahara mmoja, na kupangisha nyumba. Bibi Titi alikuwa anakaribia umri wa miaka 65. Mwaka huo huo, nchi ilipoadhimisha miaka 30 ya Uhuru, alitajwa tena hadharani kuwa shujaa wa mapambano. Baadaye barabara kubwa ya Dar es Salaam ikapewa jina lake. Alifariki tarehe 5 Novemba, 2000, katika hospitali ya Johannesburg.

Katika uchaguzi wa mwaka huo wa 2000, mwanamke wa Makunduchi, Unguja, aliyeanza kazi mwaka wa 1977 akiwa karani wa Serikali, aliingia Baraza la Wawakilishi la Zanzibar kwa kiti maalumu. Mwaka wa 2010 aligombea jimbo la Makunduchi akashinda, akaingia Bunge la Muungano. Mwaka wa 2014 akawa makamu mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba. Mwaka wa 2015 akawa Makamu wa Rais. Rais John Magufuli alipofariki, Katiba haikuuliza kama makamu wake ni mwanamume au mwanamke, na tarehe 19 Machi, 2021, Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Kuupima utawala wake ni kazi ya insha nyingine. Hapa tunatazama ngazi tu: karani, kiti maalumu, jimbo, umakamu, Ikulu. Kila kipawa chake kimeandikwa katika sheria au katika faili la utumishi, nacho kina mshahara.

Mwalimu atakayewapeleka wanafunzi wake Kaloleni na awasomeshe kwanza ile sehemu ya Miiko, pamoja na maana ya kiongozi. Kisha, wakitoka ukumbini, wazunguke mtaani kwa adabu, wabishe hodi katika nyumba za zamani zilizobaki, na waulize ni nani aliyeijenga kila nyumba, na kwa fedha gani.